Kocha bora wa dunia na daftari la Kochi

Jumanne ya tarehe 17 Desemba, saa moja za jioni, nilikuwa nimekaa juu ya jiwe la volkano karibu na bomba la maji, simu mkononi, nikingoja mtandao urudi. Kule Doha, Qatar, FIFA ilikuwa inatoa tuzo zake za mwaka 2024. Hapa kambini, magharibi ya Goma, moshi wa makala ulikuwa umeanza kutanda juu ya mabashi, na watoto walikuwa wanapanga bidoni zao kwa ajili ya maji ya asubuhi. Mega zangu zilikuwa zimebaki chache. Nilikuwa nimezitunza mchana kutwa kwa jambo moja: kujua ni nani amechaguliwa kocha bora wa dunia.

Msicheke. Tangu nianze kuandika habari za hapa na kuzisoma mbele ya vikundi vya wasikilizaji, nimeona kwamba mpira una masikio mengi kuliko siasa. Jumapili ile watu walikuwa wanangoja mkutano wa Luanda, nao haukufanyika. Jumatatu nilipoleta habari hiyo, waliokuja kunisikiliza hawakufika hata ishirini. Siku ya habari za Real Madrid hatupati pa kusimama. Basi nilikuwa nimeahidi: Jumatano asubuhi, saa moja na nusu, mtajua kocha bora wa dunia ni nani.

Kabla mtandao haujarudi, akafika Kochi. Jina lake silitaji, mwenyewe hapendi, na hapa kambini hakuna anayemwita kwa jina. Zamani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Masisi. Sasa anafundisha mpira watoto wa kambi, kila siku saa tisa, kwenye kipande cha changarawe nyeusi chenye mteremko. Alikuwa na daftari lake mkononi, lile la mistari lenye jalada la buluu, limeviringishwa kama chapati.

"Mwandishi," akasema, "hawa wawili hawajafika tangu Jumamosi." Akanionyesha majina mawili aliyoyazungushia wino. "Kesho ukisoma habari, uwataje. Pengine kuna mtu amewaona."

Nikamwambia: "Kochi, kesho nafasi imejaa. Kuna tuzo. Tutawataja Alhamisi."

Akasema sawa. Akaliviringisha daftari tena, akaenda zake. Na mimi nikarudi kwenye simu yangu, na mtandao ukarudi, na nikapata jina: Carlo Ancelotti.

Jumatano walifika wengi. Nikasoma. Kwamba FIFA imemchagua Ancelotti wa Real Madrid. Kwamba walioshindana naye katika tano bora ni Xabi Alonso wa Bayer Leverkusen, Pep Guardiola wa Manchester City, Lionel Scaloni wa Argentina na Luis de la Fuente wa Uhispania. Kwamba tarehe 1 Juni, pale Wembley, Ancelotti aliwafunga Borussia Dortmund mbili kwa sifuri, akabeba Kombe la Mabingwa wa Ulaya kwa mara ya tano akiwa kocha. Mara mbili alilichukua na AC Milan, mara tatu na Real. Hakuna kocha mwingine aliyefika tano.

Nikaongeza kichekesho cha mwezi wa kumi. Wale wanaotoa Mpira wa Dhahabu, kule Paris, mwaka wa 2024 walianzisha tuzo ya makocha na kuipa jina la Johan Cruyff. Nayo alipewa Ancelotti, lakini hakutokea kuichukua, kwa sababu Real Madrid nzima ilibaki nyumbani ikiwa imenuna. Walikuwa wamesikia kwamba Vinícius hatapata, kwamba atapata Rodri. Watu wakacheka sana. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akasema: "Sie hapa, hata ukituitia shitingi moja, tunakuya mbio."

Halafu nikasoma kwamba siku hiyohiyo jioni Real itacheza na Pachuca ya Mexico, fainali ya kombe la mabara, pale Lusail. Hapo ndipo mzee mmoja aliponyanyua fimbo. Ni mzee aliyekaa Lubumbashi ujana wake wote, na mpaka leo akisema "sisi" anamaanisha TP Mazembe.

"Pachuca?" akauliza. "Hao si ndio tuliwafunga?"

Ndio wenyewe. Mwaka wa 2010, Desemba, Abu Dhabi: Mazembe moja, Pachuca sifuri. Na siku chache baadaye, tarehe 14, Mazembe mbili, Internacional ya Brazil sifuri, mabao ya Mulota Kabangu na Dioko Kaluyituka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu ya Afrika kuingia fainali ya kombe la dunia la klabu. Mzee alianza kuyataja majina moja baada ya jingine kama anayesoma litania, na vijana waliokuwa hawajazaliwa, au waliokuwa bado wananyonya, wakawa wanaitikia. Alipofika kwa kipa Robert Kidiaba, mtoto mmoja akakaa chini kwenye changarawe akaanza kurukaruka kwa makalio. Ule ushangiliaji hata wao wanaujua! Sijui nani aliwafundisha.

"Sasa niambie, mwandishi," mzee akasema, watu walipotulia. "Kocha wetu mwaka ule alipewa nini?"

Kocha huyo alikuwa Lamine N'Diaye, Msenegali. Kwa wale wadogo nieleze kidogo. Mwaka ule N'Diaye aliifikisha Mazembe kwenye ubingwa wa Afrika kwa kuwafunga Espérance ya Tunisia tano bila pale Lubumbashi, kisha moja kwa moja kule kwao. Alifika Abu Dhabi bila nahodha wake, Trésor Mputu, mchezaji aliyekuwa roho ya timu, kwa sababu FIFA ilikuwa imemfungia mwaka mzima. Fikiria kocha wa Ulaya anaambiwa mchezaji wake bora hayupo kwa miezi kumi na miwili. Angelalamika magazetini kila Jumatatu. N'Diaye aliwapanga waliobaki, na waliobaki wakawatoa Wabrazili.

Fainali walipoteza, tatu kwa sifuri, mbele ya Inter Milan. Bao moja lilikuwa la Samuel Eto'o, ndugu yetu wa Kameruni, na hilo liliuma kwa namna yake. Mwezi wa kwanza uliofuata, kule Zurich, FIFA ilimpa José Mourinho tuzo ya kocha bora wa 2010. Alikuwa ameipa Inter makombe matatu kabla ya kuhamia Madrid, na sina ugomvi na hilo. Kocha aliyekuwa na Inter siku ile ya kutufunga alikuwa Rafael Benítez. Siku tano baada ya kubeba kombe la dunia, kazi yake Inter ikaisha.

N'Diaye hakupewa kitu. Wale watatu wa mwisho walikuwa Mourinho, Guardiola na Vicente del Bosque.

Nikamjibu mzee hivyo, na nikaona swali linapita kutoka mtu hadi mtu. Kijana mmoja wa pikipiki akauliza kwa nini wa kwetu hawapati kamwe: kura inapigwa na nani? Hilo ni swali zuri, na sikulijibu vizuri asubuhi ile, kwa hiyo nalijibu hapa.

Tuzo hizi si moja. FIFA ina yake, Mpira wa Dhahabu una yake, na ipo nyingine ya zamani kidogo ya IFFHS, shirikisho la historia na takwimu za kandanda lililozaliwa Leipzig, Ujerumani, mwaka wa 1984. Hao IFFHS humchagua kocha bora wa klabu duniani tangu 1996. Wa kwanza alikuwa Marcello Lippi wa Juventus. Mourinho ameipata mara nne. Ukishuka na orodha yote, mwaka baada ya mwaka, unakuta Waitalia, Wajerumani, Wahispania, Mskoti Alex Ferguson, Mreno Mourinho, Mfaransa Zidane, Muholanzi Rijkaard. Mwafrika hayumo hata mmoja.

Kura ya FIFA yenyewe inagawanywa mafungu manne yenye uzito sawa: manahodha wa timu za taifa, makocha wa timu za taifa, mwandishi mmoja wa kila nchi, na mashabiki kwenye mtandao. Kila mpigaji anachagua watatu. Wa kwanza anapata pointi tano, wa pili tatu, wa tatu moja. Kwa hiyo Kongo ina haki sawa na Ujerumani. Nahodha wetu Chancel Mbemba ana kura, kocha Sébastien Desabre ana kura. Lakini majina ya kuchagua hayatoki kwao. Yanapangwa kwanza na jopo la wataalamu, na asiyekuwa kwenye karatasi hawezi kupigiwa kura hata na mama yake.

Na jopo linaangalia nini? Linaangalia makombe, na makombe yanayoonekana kwenye televisheni ya dunia yako Ulaya. Kuna kocha mmoja tu aliyewahi kuchukua tuzo ile ya IFFHS akiwa na klabu ya nje ya Ulaya. Ni Carlos Bianchi wa Boca Juniors ya Argentina, 2000 na 2003. Alifanyaje? Mwaka wa 2000 aliifunga Real Madrid mbili kwa moja kule Tokyo. Mwaka wa 2003 aliitoa AC Milan kwa penalti. Bianchi alikwenda kumpiga tajiri ana kwa ana, mara mbili. N'Diaye alipata nafasi moja, akakutana na Eto'o.

Kuhusu mwaka wa 2024, kama ningekuwa na kura nisingempa Ancelotti nafasi ya kwanza. Ningempa Xabi Alonso. Leverkusen ilikuwa timu ya kuchekwa Ujerumani, timu ya kuishia ya pili. Alonso akaichezesha ligi nzima, mechi 34, bila kupoteza hata moja, akaongeza na kombe la nchi. Msimu mzima alipoteza mechi moja tu, fainali ya Ligi ya Europa mbele ya Atalanta. Ancelotti ni kocha mkubwa, na utulivu wake naupenda, lakini mtu akikukabidhi Vinícius, Bellingham na Modrić, umeanza safari ukiwa umeshafika Sake.

Wala tuzo hizi hazimlindi mwenye kupewa. Claudio Ranieri alipewa ya FIFA Januari 2017, kwa muujiza wa Leicester. Hata miezi miwili haikupita, Leicester ikamfukuza.

Nirudi kwa kijana wa pikipiki. Aliposikia habari ya pointi, akasimama akasema: "Mie natoa tano kwa Ibenge, tatu kwa Kochi wetu, moja kwa Ancelotti juu ya uzee wake." Watu wakapiga makofi. Nikamtafuta Kochi kwa macho, nione kama amecheka. Hakuwepo.

Florent Ibenge hana haja ya kuelezwa kwa Wakongomani, lakini kuna jambo moja katika kazi yake ambalo wengi hapa hawakulijua, na nililieleza asubuhi ile kwa kirefu. Wengi wanamjua kwa Leopards: nafasi ya tatu kombe la Afrika 2015, siku tulipogeuza mabao mawili ya Brazzaville kuwa ushindi wa nne kwa mbili; kisha CHAN 2016, tatu bila dhidi ya Mali pale Kigali. Wengine wanamjua kwa AS Vita Club, fainali mbili za Afrika na machozi mawili: 2014 mbele ya Sétif, sare mbili, tukapoteza kwa bao la ugenini tu, 2018 mbele ya Raja. Kisha akaenda Morocco, akaipa Berkane Kombe la Shirikisho mwaka wa 2022. Halafu akachukua kazi Sudan, Al Hilal ya Omdurman.

Tarehe 15 Aprili 2023 vita vikaanza kule. Khartoum na Omdurman zikawa uwanja wa mapigano. Ligi ikasimama. Al Hilal, klabu kubwa kuliko nyingi za Afrika, ikabaki bila nyumba. Msimu uliofuata mechi zake za nyumbani za Afrika ilizichezea Dar es Salaam. Msimu wa 2024-25 ilikuwa Nouakchott, Mauritania, upande wa pili wa bara, na iliingizwa kama mgeni kwenye ligi ya Wamauritania ili wachezaji wapate mechi za kila wiki.

Hapo mama yule wa mtoto mgongoni akanikatiza. "Ngoja kwanza," akasema. "Ekipe nayo inakimbiaka vita?"

Nikasema ndiyo, mama.

"Na inakaa kwa watu?"

Inakaa kwa watu.

Akatikisa kichwa, akamgeukia jirani yake, na kwa muda mrefu hawakunisikiliza tena. Walikuwa wanazungumza juu ya Al Hilal kama wanavyozungumza juu ya familia iliyofika juzi kutoka Masisi: wanalala wapi, wake zao wako wapi, nani anawapa chakula.

Na timu hiyo ya kukaa kwa watu, tarehe 26 Novemba, ilikwenda Dar es Salaam kwenye kundi la Ligi ya Mabingwa ikawafunga Yanga mbili bila mbele ya watu wao. Mazembe yetu ilikuwa kundi hilohilo. Moyo wangu ulikuwa umegawanyika, nakiri. Lakini kati ya makocha wote wa dunia mwaka ule wa 2024, yule ambaye ningependa kukaa naye saa moja nimuulize maswali si yule wa Madrid. Ningemuuliza Ibenge: asubuhi ya mazoezi, mchezaji akifika na simu mkononi, amepata habari ya nyumbani kwao, unamwambia nini? Unampanga? Unampumzisha? Unamwacha alie kwanza? Hilo hakuna jopo linalolipa pointi, na sijui kama mtu amewahi kumuuliza.

Habari zikaisha, watu wakatawanyika, mimi nikafurahi kwamba asubuhi imekwenda vizuri.

Alhamisi nikasoma yale majina mawili, kama nilivyoahidi. Nikayasoma katika vikundi vitatu, na mwenzangu akayapeleka kwa sauti ya WhatsApp hadi kambi za upande wa pili. Saa sita mchana simu ikalia. Mmoja amepatikana, yuko kwa shangazi yake, kambi nyingine, alikwenda huko kwa sababu kulikuwa na unga. Nilikimbia kumwambia Kochi. Akafungua daftari, akaandika kitu kidogo pembeni ya jina.

Jioni akaja mama mmoja anayeuza vitumbura kando ya barabara ya Sake. Alikuwa hajasikia tangazo mwenyewe, alisimuliwa. Akaniuliza yule mtoto wa pili yukoje. Nikamweleza: miaka kumi na minne, mrefu, jezi ya njano iliyochanika begani.

"Nilimuona," akasema. "Jana asubuhi, saa tatu hivi. Alinunua vitumbura viwili. Alikuwa na vijana wakubwa wawili, wakapanda juu, njia ya milima." Akanyamaza kidogo. "Kama ungemtaja asubuhi ile ile, baba, ningemshika. Namjua mama yake."

Jana asubuhi ilikuwa Jumatano. Saa tatu mimi nilikuwa nimeshamaliza kusoma. Saa moja na nusu nilikuwa nasoma juu ya Ancelotti.

Wenye kukaa hapa hawahitaji kuelezwa maana ya mtoto wa miaka kumi na minne kupanda milima na vijana wakubwa. Ninyi mnaosoma kutoka mbali, ulizeni.

Nilikwenda kwa Kochi usiku uleule. Nilikuwa nimejipanga kuomba msamaha kwa maneno marefu. Alikuwa ameketi mbele ya kibanda chake, anashona mpira kwa sindano ya magunia. Nikasema nilichosema. Hakunikasirikia, na ingekuwa afadhali angenikasirikia. Alinipa daftari nishike, kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi, na nikaanza kulisoma kwa mwanga wa simu.

Nilikuwa nimelidhania ni daftari la mpira: nani anacheza beki, nani anafunga. Sivyo. Kila ukurasa ni siku moja. Majina yako kushoto, arobaini na matatu, pamoja na ya wasichana tisa wanaocheza kabla ya wavulana. Kulia ya kila jina kuna alama ndogo. Msitari ni "amefika". Duara ni "hakufika, najua aliko". Duara lenye nukta ni "hakufika, sijui". Na baada ya duara lenye nukta, daima, siku ileile, kuna maneno mawili au matatu: nimekwenda kwa mama, yuko hospitali, anabeba mchanga kwa siku, amerudi. Hakuna bao hata moja lililoandikwa. Nilitafuta.

Nikamuuliza kwa nini hahesabu mabao. Akasema mabao watoto wanayahesabu wenyewe, hawakosei.

Nikahesabu kurasa za mwezi wa kumi na moja. Duara zenye nukta zilikuwa kumi na saba. Kumi na sita zilikuwa zimejibiwa pembeni. Moja ilikuwa na msalaba mdogo, sikuuliza.

Niliwahi pia kumuuliza, zamani, kama angependa niandike habari yake tupate msaada wa mipira. Alisema mipira itasaidia, na viatu pia, kwa sababu changarawe ya volkano inakula kandambili kwa wiki mbili. Niliandika? Niliahidi. Wiki ile kulikuwa na Mpira wa Dhahabu kule Paris.

Real ilimfunga Pachuca tatu bila. Mzee wa Lubumbashi anasema sisi tuliwafunga tukiwa hatuna Mputu, kwa hiyo bao letu moja ni zito kuliko yao matatu. Tumekubaliana naye ili tupumzike.

Kuanzia sasa majina ya daftari yanasomwa kwanza, kabla ya habari yoyote, ya Luanda au ya Madrid. Kochi ananiletea kila jioni. Juzi hakukuwa na jina, jana hakukuwa na jina.

Leo lipo moja, na ni lilelile. Jina lenyewe hatuliandiki hapa, tutalisoma kwa sauti tu. Mtoto wa kiume, miaka kumi na minne, mrefu, mwenyeji wa Masisi, anacheza upande wa kushoto. Ana kovu juu ya nyusi ya kulia. Alivaa jezi ya njano iliyochanika begani na suruali fupi nyeusi. Alionekana mara ya mwisho Jumatano tarehe 18 asubuhi kwenye barabara ya Sake. Aliyemwona, au anayemjua mtu aliyemwona, amwambie mkuu wa kikundi chochote cha wasikilizaji, au afike kwenye kiwanja saa tisa. Kochi atakuwa pale. Mama yake pia anakuja kila siku, anakaa kwenye jiwe lililo karibu na goli la juu.